Katekista Aliyehubiri Usawa

Katekista alikuwa mwanaume wa kwanza kunishika mkono kwa salamu. Nilikuwa na miaka kumi au kumi na mmoja, nimetoka kuokota kuni, na kwetu Hombolo mtoto wa kike alipokutana na mtu mzima njiani aliinama kidogo, akatazama chini, akapita.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba, Dorika," akasema, akinipa mkono. "Habari yako?"

Nikamjibu kama tulivyozoea kujibu: baba hajambo, mama anasumbuliwa na jino, ng'ombe wamepelekwa bwawani.

"Hao nitawauliza wenyewe," akasema. "Nimeuliza yako."

Kisha akangoja. Alijua kungoja yule mtu. Nilisimama pale na mzigo wa kuni kichwani, shingo inaniuma, nikiitafuta habari yangu nisiione. Mwishowe nikasema kuna mwiba umenichoma mguuni. Akafurahi kana kwamba nimempa zawadi. Akanitua mzigo, akachuchumaa, akautoa mwiba ule kwa pini aliyokuwa akiichomeka siku zote kwenye ukosi wa koti lake.

Koti lenyewe lilikuwa la kike. Nasimulia miaka ile tuliyoiita ya ruksa, sabuni na sukari zilipoanza kuonekana tena madukani na nguo za mitumba zikamwagwa chini juu ya maturubai kila siku ya mnada. Alilinunua huko, zito, la kijivu, vifungo vikubwa. Fundi cherehani ndiye aliyemwambia mbele za watu kwamba vifungo vimekaa upande wa wanawake. Watu wakacheka. Katekista akalitazama, akanyoosha mikono mbele kupima, akasema, "Linanitosha." Akalivaa miaka yote niliyomfahamu, kiangazi na masika.

Mchungaji wetu alikuwa na makanisa mengi ya kuyazungukia, hivyo tulimwona labda mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa mikononi mwa Katekista. Ndiye aliyepiga kengele, akasoma, akahubiri, akafundisha watoto wa kipaimara na wachumba waliotaka kufunga ndoa. Na kila alichofundisha kilikuwa na mzizi mmoja. Ungeweza kumpa somo la mafuriko ya Nuhu au la mikate mitano, naye angefika palepale: kwamba Mungu aliwaumba mwanamume na mwanamke siku moja, kwa sura yake, na hakumpa mmoja wao sura kubwa zaidi.

Sikukuu ya Pasaka ndiyo ilikuwa yake hasa. "Wanaume walikuwa wapi asubuhi ile?" aliuliza, akitutazama upande wetu, sisi wa kike, kisha akiugeukia polepole upande wa wanaume. "Walikuwa wamejifungia ndani. Habari njema ya kwanza ya ufufuo ilibebwa na wanawake. Wakafika nayo mlangoni wakihema. Wanaume wakasema nini? Wakasema, hawa wamechanganyikiwa. Na sisi mpaka leo, mke akileta habari nyumbani, tunasema hivyohivyo."

Wazee waliposhika ule waraka unaowaambia wake wawatii waume zao, aliwajibu kwa upole. "Mnaanzia katikati ya ukurasa," alisema. "Pandeni mstari mmoja juu. Hapo tumeambiwa tutiiane sisi kwa sisi. Mkishamaliza huo mstari wa juu, ndipo muendelee na wa chini." Baba yangu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alirudi nyumbani siku moja akasema Katekista anaharibu wanawake. Mama alikuwa akisonga ugali. Hakusema kitu, ila nilimwona akitabasamu na mwiko wake.

Aliyoyahubiri alijaribu kuyaishi, na hapo ndipo watu walipomchoka. Mwaka mmoja wa kiangazi kibaya mke wake, Mama Sechelela, aliugua mgongo. Si kwamba wanaume wa kwetu hawakuchota maji. Walichota, kwa punda au kwa baiskeli. Katekista hakuwa na punda, na baiskeli ilikuwa ya kanisa, hivyo akachukua kata ya mkewe, akaiweka utosini, akaenda kisimani na ndoo. Alirudi kwa kupitia mbele ya kilabu cha pombe, maji yakimmwagikia usoni na kulowanisha koti, shingo yake ikiyumba huku na huku. Wanaume walitoka nje na vibuyu vyao kumtazama. Mmoja akamwita, "Mbukwa, dada!" Naye akaitikia salamu ile kama salamu nyingine yoyote, akapita.

Mama Sechelela alipopona, mumewe aliendelea kuchota. Alisema amezoea, na kwamba si haki mtu mwenye mgongo mbovu arudie kazi ile. Sote wasichana tulimwona ni mtu wa ajabu. Nilipenda kusema kwamba nikikua nitaolewa na mwanaume kama Katekista. Mama akaniambia, "Umemuuliza Mama Sechelela?" Sikuelewa. Nilikuja kuelewa baadaye sana kwamba kisimani ndipo akina mama walipokutana. Pale walicheka, wakapeana dawa za watoto, wakaambiana nani ana mimba na nani kapigwa. Mama Sechelela alikuwa mtu mkimya, asiyekwenda kwenye nyumba za watu bila sababu. Ndoo ndiyo iliyokuwa sababu yake. Mumewe alipoichukua, akabaki uani kwake na kuku.

Tena wanawake nao walinyamaza kisimani Katekista alipofika. Waliinuka, wakampisha achote kwanza. Alisema hapana, atasubiri zamu yake. Wakasubiriana hivyo, kimya, mpaka mmoja achoke na kuondoka.

Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa kuendelea, nikakaa nyumbani. Yale madarasa ya serikali ya kusomesha watu wazima yalikuwa yamekufa kwa kukosa walimu na vitabu, hivyo Katekista akaanzisha la kwake, kwa ajili ya akina mama, barazani kwake, siku mbili kwa wiki baada ya shamba. Akaniomba nimsaidie kufuta ubao na kuwashikia mkono wale walioogopa chaki. Wakaja wanawake kumi na wawili, baadhi na watoto mgongoni. Alikuwa mwalimu mzuri. Hakumcheka mtu wala hakumdokezea mtu herufi kabla hajajaribu mwenyewe.

Ila jambo moja nililiona kila siku kwa macho yangu na sikulitambua. Mama Sechelela alikuwa jikoni akitupikia uji. Alikuja nao darasa likiwa katikati, akagawa vikombe, akasimama kidogo mlangoni akitazama ubao na sinia tupu mkononi, kisha akarudi jikoni kuosha. Mumewe alimshukuru kila mara, tena kwa sauti, mbele ya watu wote. Hakumwambia hata mara moja, "Kaa." Naamini alidhani kwamba mke wa Katekista hahitaji kualikwa nyumbani kwake mwenyewe.

Kisha likatokea jambo la mzee wa kanisa. Mzee huyu alikuwa amefanikiwa katika miaka ile. Alinunua zabibu kwa wakulima wetu, akazipeleka mjini kwa pikapu yake mwenyewe, na Jumapili ndiye aliyesoma somo la kwanza kwa sababu alikuwa na sauti nzuri. Jumapili hiyo mkewe aliingia kanisani amejifunga khanga kichwani mpaka kidevuni. Khanga ilificha shavu moja, lakini jicho lilikuwa wazi na wote tuliliona. Mumewe alipoinuka kwenda kusoma, Katekista alimsimamia njiani.

"Leo hutasoma."

"Kwa sababu gani?"

"Sababu imekaa safu ya tatu, upande wa akina mama."

Mzee yule alikunja karatasi yake, akatoka nje, na nyumba tatu za ukoo wake zikamfuata. Mimi moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilidhani ufalme wa Mungu umefika Hombolo.

Siku ya pili yake, nikiwa barazani napanga viti vya darasa, yule mama, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wetu, alikuja. Hakukaa. Alisimama mbele ya Katekista na khanga yake bado kidevuni.

"Umenianika," akasema.

"Nimekutetea, mama. Isingewezekana asome neno la Mungu kwa kinywa kile baada ya—"

"Nilikuomba?"

Katekista akaweka chaki chini.

"Wewe ulikwenda kula ukalala. Mimi ndiye niliyerudi naye nyumbani." Akanitazama mimi, akatazama mlango wa jikoni alikosimama Mama Sechelela, akaondoka. Hakurudi darasani tena.

Nakumbuka Katekista alikaa kwenye benchi la wanafunzi muda mrefu. Nilidhani anasali. Alipoinuka alisema, "Ameogopa. Mtu aliyeonewa sana huogopa hata mkono unaomwinua." Yalionekana kwangu maneno ya hekima, nikayaandika nyuma ya daftari. Mama Sechelela alikuwa bado mlangoni. Alimtazama mumewe kama mtu anayetaka kusema kitu, kisha akarudi ndani.

Kikao cha baraza la kanisa kilichofuata kilikuwa kikali. Wazee walisema watu wanahama, na kweli walihama; kanisa jipya lilikuwa limeingia kijijini na vipaza sauti na jenereta, na wale wa nyumba tatu walikuwa wamekwisha kujiunga nalo. Baba alikuwa mjumbe, naye ndiye aliyetusimulia nyumbani. Katekista alijitetea vizuri kwa Maandiko mpaka mmoja wao akamuuliza, bila hasira, "Usawa unautaka kwa wake zetu. Wako mbona hatujawahi kusikia hata sauti yake?" Baba alisema hapo Katekista alishika pini ya ukosini akaizungusha, akaizungusha.

Naamini swali lile halikumtoka kichwani, kwa sababu Jumapili ya mavuno, wiki chache baadaye, alifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kuinama chini.

Kanisa lilikuwa limejaa. Mbele kulikuwa na mtama, uwele, karanga, makapu ya zabibu, mbuzi wawili waliofungwa mguu wa meza. Mchungaji hakuweza kufika. Tulipomaliza wimbo wa pili Katekista alisimama, uso unang'aa, akasema, "Leo neno la Mungu tutaletewa na mke wangu." Akamwendea Mama Sechelela alikokaa, kando ya ukuta, nyuma ya mama yangu. Akampa mkono.

Niliuona uso wake. Hakujua. Alikuwa hajaambiwa kitu.

Alikwenda kwa sababu mkono wake ulikuwa tayari umeshikwa. Katekista akamsimamisha mbele, akamfungulia Biblia, akamwambia taratibu, lakini sote tulisikia, "Sema lolote lililo moyoni mwako." Kisha akaenda kukaa upande wa wanaume, mikono magotini, kama mwanafunzi.

Mama Sechelela alikuwa amesoma miaka miwili tu utotoni, na herufi zilikuwa zimemtoka. Aliitazama ile Biblia. Akatazama mbuzi. Midomo yake ilifunguka, ikafungwa. Alishika pembe za meza kwa mikono yote miwili, ileile niliyoiona ikigawa uji. Tukasubiri. Mtoto akalia, akanyonyeshwa, akanyamaza. Bado tukasubiri. Hapo ndipo mtu mmoja upande wa wanaume alipocheka puani, na mwingine akasema kwa sauti ya chini, "Usawa huo."

Mama Sechelela akaachia meza. Akashuka, akapita katikati yetu, hakurudi mahali pake, akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni na kutoka juani. Mama yangu akaanzisha wimbo, wimbo wowote uliomjia. Tukauimba kwa nguvu kuliko siku zote.

Mchana ule mimi na mama tulikwenda kwake. Alikuwa uani amekaa juu ya gunia, anachambua karanga, na hakuacha kuchambua tulipofika. Katekista alikuwa amesimama karibu na mlango, koti mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza namwona bila koti, na alionekana mdogo.

"Mama Sechelela," alikuwa akisema, "nilitaka wajue una thamani gani."

"Wao wajue."

"Nilitaka wakusikie."

"Baba Sechelela." Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka safari. "Miaka yote hii, kila jema unaloniletea linanifikia limekwisha kuamuliwa. Ulichukua ndoo yangu, hukuniuliza. Ulileta darasa barazani kwangu, hukuniuliza. Leo umenisimamisha mbele ya watu kama mbuzi wa mavuno. Uliamua peke yako kwamba tuko sawa."

Mama yangu alinivuta mkono tuondoke. Nilipogeuka nilimwona Katekista akitafuta pa kuweka lile koti, akaliweka juu ya mawe ya jiko, akaliondoa tena kwa sababu lingeungua.

Haukupita mwezi, Sechelela, binti yao wa pekee aliyekuwa ameolewa Ihumwa, akajifungua. Mama yake akaenda kumsaidia, kama desturi ilivyo. Alichukua kisanduku kimoja na chungu kimoja. Miezi mitatu ikapita, ikawa sita, ukawa mwaka. Watu waliuliza lini atarudi, Katekista akasema mjukuu bado mdogo. Wakauliza tena, akasema mjukuu anaota meno. Baadaye hawakuuliza tena.

Sijawahi kuona mtu mpweke kama alivyokuwa yeye katika miaka ile. Wanaume hawakwenda kwake. Alikuwa amewaaibisha mno. Na wanawake, wale aliowatetea tangu nikiwa mtoto, hawakuweza kwenda. Mwanamke gani angeingia kwenye nyumba ya mwanaume anayeishi peke yake, akakaa, akazungumza, akatoka na jina lake salama? Darasa likafa. Mama alikuwa akinituma na bakuli la mlenda, lakini alinionya niliache barazani, nisiingie. Nililiweka juu ya benchi, nikabisha hodi, nikaondoka kabla hajafungua. Jioni bakuli lilikuwa kwenye ukuta wetu, limeoshwa vizuri sana, na ndani kuna vitunguu viwili au kishada cha zabibu.

Baraza halikumfukuza. Walingoja tu. Aliendelea kupiga kengele na kuhubiri, lakini mahubiri yalikuwa yamebadilika. Alianza sentensi akaiacha. Mara moja, akihubiri juu ya uumbaji, alisimama katikati akasema, "Sijui," akatangaza wimbo.

Hapo ndipo mimi nilipopata mchumba. Yona alikuwa fundi wa reli mjini Dodoma, kijana mpole, mwenye masikio makubwa. Ilibidi tufike kwa Katekista kwa mafundisho ya ndoa, wiki sita, kanisani, milango yote wazi. Kila mtu aliyewahi kupita mikononi mwake alijua kuna swali moja, na kwamba bila kulijibu hupati cheti. Wiki ya tatu akalitoa.

"Yona. Dorika anaogopa nini?"

Yona akanitazama. "Anaogopa nyoka."

"Kila mtu anaogopa nyoka. Rudi wiki ijayo."

Wiki iliyofuata Yona alisema naogopa njaa, akaambiwa rudi. Tukiwa njiani kwenda nyumbani akaniomba, karibu alie, "Basi si uniambie?" Nami kwa mara ya kwanza maishani nikalisema nililokuwa nalo: kwamba naogopa kukaa na mtu miaka thelathini, nikitabasamu na mwiko wangu, nisiseme ninachofikiri, kama mama. Yona alisimama. Hakuicheka hofu yangu, na hapo ndipo nilipojua kwamba nitaolewa naye.

Tuliporudi akalijibu swali mbele ya Katekista, maneno yangu yote, bila kuongeza. Katekista akafungua daftari kuandika. Sijui nini kilinisukuma. Labda ni kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amenifundisha kwamba ninayo habari yangu.

"Na Mama Sechelela," nikauliza, "anaogopa nini?"

Yona akanikanyaga mguu. Upepo wa mchana ulikuwa ukiingiza vumbi kwa mlango mmoja na kulitoa kwa mwingine. Katekista aliweka kalamu chini.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Sijawahi kumuuliza."

Akatia sahihi cheti chetu hapohapo, ingawa wiki moja ilikuwa imebaki, akatuomba tumwache.

Nilihamia mjini, nikazaa, nikapata kazi ya kupika kwenye shule moja ya wamisionari. Habari za Hombolo nilizipata kwa mama. Alinieleza kwamba baraza limemwandikia Katekista barua ya shukrani na kuleta kijana mwingine aliyesomea chuoni. Kwamba amebaki na shamba dogo la mizabibu. Kwamba kila mwezi anapanda gari kwenda Ihumwa na kurudi siku hiyohiyo. Nilikuwa na nia ya kwenda kumwona Mama Sechelela, lakini ni zile nia mtu anazokuwa nazo mjini. Ilinichukua karibu miaka minne.

Nilikwenda Alhamisi moja mchana. Nyumba ya Sechelela ilikuwa ya matofali ya kuchoma, karibu na reli. Kutoka mbali nilisikia wanawake wakiimba ndani, nikajua ni zamu ya nyumba hiyo kupokea sala ya jumuiya. Nikazunguka nyuma nitafute mlango wa uani. Hapo, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, chini ya dirisha, alikuwa amekaa Katekista juu ya tofali, kofia gotini. Alikuwa amezeeka. Koti lilikuwa limebaki na vifungo viwili.

"Shikamoo, Katekista."

Akaweka kidole mdomoni, kisha akanionyesha tofali jingine. Nikakaa.

"Marahaba," akanong'ona. "Habari yako?"

Nikamwambia kwa kifupi, yangu, siyo ya Yona wala ya watoto. Akatikisa kichwa akiridhika.

"Mbona huingii?"

"Ni sala ya akina mama."

"Wakimaliza?"

"Wakimaliza nitakuwa nimekwenda. Gari la mwisho la Hombolo ni saa kumi." Akasikiliza kidogo upande wa dirisha. "Nilikuja mara tu baada ya ndoa yenu. Nikamuuliza lile swali lako."

"Akasemaje?"

"Akasema anahitaji muda wa kufikiri, maana hajawahi kuulizwa." Akaiviringisha kofia. "Nikija ananipa chakula, tunaongea habari za mjukuu. Hajanijibu bado. Na mimi sijamkumbusha."

Wimbo ukaisha ndani. Sauti moja ikabaki, nyembamba, ya mtu anayesoma kwa kidole. Ilinichukua muda kuitambua, kwa sababu nilikuwa nimeisikia mara chache mno maishani mwangu. Ilikuwa ya Mama Sechelela. Mjukuu alikuwa ameanza shule, na bibi alikuwa amekaa naye kila jioni mpaka herufi zikamrudia. Alisoma pale Petro anapowaambia waume waishi na wake zao kwa akili na kuwaheshimu, kwa kuwa wao pia ni... Hapo akakwama.

"Wa," akasoma. "Wari. Warisi."

Ndani hakuna aliyemdokezea. Nilimtazama Katekista. Lile neno alikuwa nalo kwa moyo; alikuwa amelihubiri kabla mimi sijazaliwa. Midomo yake ilikuwa imekwisha kulitengeneza, ulimi upo katikati ya meno, na dirisha lilikuwa juu ya kichwa chake tu. Angeweza kulisema kwa mnong'ono na lingemfikia. Shingo yake ilikakamaa. Akafumba macho.

"Warisi," Mama Sechelela akarudia, kwa hasira kidogo, akijikemea mwenyewe. Akaanza upya. "Wa-ri-thi. Warithi. Wao pia ni warithi."

"Amina," wakasema wanawake.

Katekista akafungua macho. Akavaa kofia, akashika ukuta, akainuka kwa shida. Nilitaka kumsaidia, akatikisa kichwa.

"Nimwambie ulikuwepo?" nikauliza.

"Hapana, mwanangu. Kile ni cha kwake." Akanipa mkono, akaondoka kwa kufuata njia ya kando ya reli, akitembea upande mmoja wa njia kana kwamba anampisha mtu.

Nilisubiri mpaka wageni walipotoka ndipo nikaingia. Mama Sechelela alinikumbatia, akanitazama sana, akauliza mama yangu anaendeleaje na meno yake. Alikuwa amenenepa kidogo. Biblia ilikuwa bado wazi juu ya meza, na kipande cha uzi kimewekwa penye ukurasa. Akanipa kiti, akanimiminia chai, akajimiminia na yeye, akakaa.

"Leo alikaa upande gani?" akauliza.

Chai ilinipalia. Nikasema, "Wa kivuli, mama."

"Vizuri," akasema, akakoroga kikombe chake. "Ule mwingine jua lingemchoma."